Bima ya Kaka Ilikuwa Bangili za Mama

Najua wiki iliyopita nilikuahidini mambo ya harusi: nani kavaa nini, nani kacheza vipi, na biriani lilitosha au watu walirudi na njaa zao. Bahati mbaya harusi yenyewe imeahirishwa mara ya pili sasa, na aliyeiahirisha si mchumba wala wakwe. Ni waya wa umeme! Keti kitako nikupe mkasa, na kama na wewe ni fundi, au unatembea na fundi, au unatarajia kuolewa na fundi, basi usome mpaka chini.

Bwana harusi mwenyewe ni kaka yangu mkubwa. Kaka ni fundi umeme, na si fundi wa kubabaisha, ni fundi hasa, mwenye testa mfukoni hata siku ya Idi. Kazi aliianza wakati wa kile kiza kikuu. Unakikumbuka? Disemba 2009 umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja nzima ikakaa gizani miezi mitatu hivi, mpaka Machi 2010. Kabla ya hapo, mwaka 2008, tulishakaa gizani kama mwezi mzima. Mie nilikuwa mtoto wa skuli, nakumbuka kandili na mbu tu. Kaka alikuwa barobaro, akapata riziki yake kwa kuwaungia watu majenereta. Kila nyumba yenye uwezo ilikuwa inanguruma, na kila palipokuwa na jenereta kaka alikuwepo na koleo lake.

Baadaye mambo yakawa mazuri. Waya wa zamani, ule uliowekwa mwaka 1980, ulikuwa wa megawati 45 tu. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa msaada wa Marekani, na mji ukapata pumzi. Tangu hapo ni kujenga na kujenga. Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari milioni 1.3, ile ya 2022 ikatukuta karibu milioni 1.9. Watu wote hao wanataka taa, friji, feni na mita ya tukuza. Na Mji Mkongwe wenyewe, tangu UNESCO ilipouandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, nyumba ya bibi inageuzwa nyumba ya wageni, na kila chumba kinataka eyakondishena na maji ya moto. Fundi umeme hakosi kazi, labda awe mvivu.

Mie nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka yale ya "tutaonana baadaye", kaka akanichukua nimshikie ngazi. Huko ndiko nilikojifunza kuwa nyumba za Mji Mkongwe ni kizaazaa. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima hauupimi. Dari ni boriti za mikoko. Chokaa inanyonya unyevu, boriti kavu ikishika moto haina mzaha, na ndani ya ukuta mna waya za zama na zama, nyengine hazina hata waya wa ardhini. Tusisahau kuwa umeme mji huu si mgeni: Beit el Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, inatajwa kuwa ndiyo nyumba ya kwanza hapa kuwaka taa za umeme na kuwa na lifti. Watu walikuwa wanakuja kushangaa. Siku hizi anayeshangaa ni fundi, akifungua kiboksi na kukuta waya tatu za rangi moja.

Sasa mkasa wenyewe. Mwaka jana kaka alipata kazi ya nyumba ya wageni, vyumba vinane, katika uchochoro ambao sitautaja kwa sababu bado tunapita hapo. Kaka akakagua, akamwambia mwenye nyumba: "Bwana, hii waya inayotoka kwenye meini swichi imechoka, tuibadilishe yote." Mwenye nyumba akajibu: "Hiyo ishakaa miaka yote, haina neno. Wewe nifungie ya vyumbani tu." Kaka akasema sawa. Hakuna aliyeandika kitu. Mkataba wetu ulikuwa chai ya maziwa na kupeana mikono.

Kazi tukafanya. Siku ya nne mie nilirushwa na umeme, nikashuka kutoka juu ya ngazi bila ya kupitia vidato, nikaangukia rundo la magodoro mapya. Kama si magodoro yale, leo safu hii ingekuwa inaandikwa na mwengine! Kaka akaninunulia juisi ya ukwaju na panadol mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa fidia yangu kazini. Wakati ule niliona kanijali sana.

Tukamaliza, tukakabidhi, kaka akalipwa, tukala pweza Forodhani kama watalii. Wiki tatu baadaye, saa nane za usiku, simu inalia. Chumba kimoja cha juu kinawaka. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, mgeni alitoka na taulo lake, majirani na zimamoto wakauzima. Lakini eyakondishena imekwenda, friji imekwenda, kitanda cha samadari kimekwenda, na boriti mbili zimekuwa makaa.

Kaka alifika pale mbio, kanzu kaivaa kinyume. Alipoona vile, jambo la kwanza alilolitamka mbele ya watu wote ni hili: "Nisamehe bwana mkubwa, nitalipa." Ndivyo tulivyolelewa, ati. Hakuna aliyeuliza moto umeanzia wapi, kwenye kiungo alichofunga kaka au kwenye waya mkongwe aliokatazwa kuugusa. Yeye keshasema atalipa. Wazee wa baraza wakakaa kitako, wakasuluhisha: milioni sita.

Milioni sita, yakhe! Vespa ya kaka ikauzwa, milioni moja na laki sita. Akiba ya mahari, milioni moja na laki nane. Bado milioni mbili na laki sita. Mama akaingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka na mikono mitupu. Bangili zake mbili za dhahabu, alizopewa na marehemu bibi siku ya harusi yake, alizifunga kwenye leso. Hakusema kitu. Akampa kaka, kisha akenda kukoroga uji.

Wiki ile mie sikulala vizuri. Kila nikimtazama mama akikanda unga naona mkono ule mtupu. Nikawa najiuliza: hivi kweli kila fundi anayeharibikiwa lazima auze mama yake alichonacho? Basi nikaanza kuvinjari kwa watu wa bima, nauliza kama mpelelezi. Waliniona msumbufu lakini nikavuna. Sikiliza.

Kwanza kabisa, sote tuna bima, ila hatuijui kwa jina. Kaka alikuwa nayo, ilikuwa mkononi mwa mama. Ukiharibu, familia inachanga, mjomba anakopa, dhahabu inauzwa. Tofauti ni kuwa bima ya kampuni unailipa kidogo kidogo kabla, na hii ya kwetu inalipwa kwa mpigo, tena na mtu ambaye hajawahi kupanda hata ngazi moja.

Pili, ukimwambia fundi neno bima, anakuonesha stika ya gari. Hiyo ni kwa sababu bima ya gari ni ya lazima na askari anaiuliza. Lakini gari halimlindi fundi akiwa juu ya dari. Bima inayomhusu hasa inaitwa bima ya dhima kwa watu wengine. Maana yake, katika kazi yako ukimuumiza mtu au ukaharibu mali yake, kampuni inalipa mpaka kile kiwango mlichoandikiana, na mara nyingi inalipa na wakili wa kukutetea. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Kumbe kama kaka angekuwa nayo, angetumwa mkaguzi wa hasara kuja kuchungulia moto umeanzia wapi, na ikiwa ni ile waya kongwe, kampuni ndiyo ingebishana na mwenye nyumba, kaka angekuwa kwake anakunywa chai.

Lakini ngoja kwanza, usikimbilie kukata! Nilimsimulia mtaalamu mmoja kisa chetu, akaniuliza: "Moto ulitokea mkiwa kazini au mkishakabidhi?" Nikamwambia wiki tatu baadaye. Akatikisa kichwa. Akanieleza kuwa bima nyengine za dhima zinakulinda ukiwa kwenye kazi tu, ukishakabidhi funguo na yenyewe inakabidhi. Kwa fundi umeme hiyo ni nusu ya bima, maana kazi yetu hailipuki siku ile ile. Kiungo kilicholegea kinapata moto polepole, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka usiku mmoja mgeni anawasha eyakondishena na hita kwa pamoja. Kwa hiyo lazima uulize kwa mdomo wako: "Na kazi nilizokwishakabidhi, zimo?" Kama hazimo, omba ziongezwe, na zionekane kwenye karatasi.

Jambo jengine lililonichoma ni lile la "nitalipa". Karatasi nyingi za bima ya dhima zina sharti kuwa usikubali kosa wala usiahidi malipo kabla ya kuiarifu kampuni. Ukishaahidi, wanaweza kukugomea. Sasa kwetu sisi, mtu kaunguliwa wewe umsimamie kimya kama nguzo? Haiwezekani. Mpe pole, msaidie kuzima, mchukulie maji, lakini useme: "Pole sana bwana, naarifu watu wangu wa bima, tutakaa." Hiyo nayo ni adabu, na haikuuzii Vespa.

Halafu kuna sisi washika ngazi. Sheria za kazi zinamtaka mwajiri amfidie mfanyakazi aliyeumia kazini, na ukweli ni kwamba mabosi wetu wengi hawana hata orodha ya majina yetu. Ipo bima ya fidia ya wafanyakazi, inalipa matibabu, na ukipata kilema au ukifa, familia yako haiachwi na sahani ya sadaka tu. Nyie vijana mnaoshikia watu ngazi, muulizeni bosi swali hili kabla ya kupanda. Akikupa juisi ya ukwaju, ujue umepata jibu.

Kwa wale wanaopata kazi kubwa, za mahoteli na majumba ya Fumba, kuna bima ya hatari zote za mkandarasi. Hiyo inalinda kazi yenyewe na vifaa vilivyoko hapo: mvua ikiingia, moto ukizuka, mwizi akibeba marobota ya waya. Mara nyingi inakwisha siku ya kukabidhi, isipokuwa mmeongeza kipindi cha matengenezo. Na wenye miradi mikubwa wengi wanataka waone karatasi za bima kabla hujaingiza hata bisibisi. Mafundi wazuri wa mjini wanabaki nje ya geti kwa kukosa karatasi hiyo, kazi inachukuliwa na kampuni ya kutoka mbali, halafu tunasema tunaonewa.

Vifaa vyako navyo vinakatiwa. Ila usijifanye mjanja ukataja bei ndogo ili ulipe kidogo. Tuseme drili, mita za kupimia na ngazi zako zina thamani ya milioni nne, wewe ukaandika milioni mbili. Ukiibiwa vya milioni moja, kampuni inaweza kusema: "Ulijikatia nusu, chukua nusu," ukaondoka na laki tano, tena wakatoe na ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mkata bima huibeba mwenyewe. Na ukidanganya kazi unayofanya, ukasema unafunga taa za majumbani kumbe unaunga majenereta ya mahoteli, siku ya siku utakuta huna kitu.

Bei je? Inategemea unafanya kazi gani, una vijana wangapi, unaingiza kiasi gani kwa mwaka na unataka ulindwe mpaka wapi. Zungukia kampuni mbili tatu. Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu mwaka 1969, na baada ya sheria ya 1996 kufungua milango, kampuni binafsi nazo zipo tele. Tufanye hesabu ya mfano tu: tuseme umeambiwa laki sita kwa mwaka, na wewe unafanya kazi arobaini. Ni elfu kumi na tano kwa kila kazi. Itie kwenye hesabu yako ya bei kama unavyotia tepu na misumari. Mteja anayelipa eyakondishena nane hashindwi na elfu kumi na tano.

Ila angalia matapeli. Ulipe kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa na TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, upewe risiti na karatasi, na uhakikishe kuwa bima yako inaonekana kwenye mfumo wao. Sheria ya bima ya 2009 haina huruma: hujalipa, huna bima. Yule wa "nipe hapa kidogo, nyengine mwisho wa mwezi" mkimbie. Na ukidhulumiwa na kampuni, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hujafika mwisho wa dunia.

Najua kuna msomaji keshaanza kunung'unika: "Bima si ndo mambo ya riba na kamari hayo?" Hata kaka alisema hivyo. Nilimpeleka kwa mzee mmoja wa baraza letu, mcha Mungu, akatuambia tumfunge ngamia kwanza ndiyo tumtegemee Mola. Na kama moyo wako hautulii na bima ya kawaida, siku hizi kuna takaful, ambako wanachama wanachangia mfuko mmoja wa kusaidiana kwa taratibu za kiislamu. TIRA ilitoa mwongozo wake mwaka 2022. Kwa hiyo kisingizio hicho nacho kimekwisha, tafuta chengine.

Jambo moja linanichekesha na kuniliza kwa pamoja. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa nje akija Zanzibar lazima awe na bima ya safari ya dola 44, inamlinda mpaka siku 92. Vizuri sana, sina neno. Lakini fikiria: mgeni aliyelala siku nne ana bima, na fundi aliyemfungia feni juu ya kitanda chake hana, na mshika ngazi wa fundi hana, na mama wa fundi ana mikono mitupu.

Basi nikamwandikia kaka yote hayo kwenye daftari, na kurasa ya mwisho nikamchorea fomu: kazi gani tumekubaliana, waya gani nimeshauri ibadilishwe na mwenye nyumba kakataa, sahihi yake, sahihi yangu. Karatasi hiyo haina ada, hata fundi aliyechacha anaweza. Kaka akasoma kimya. Juzi jioni akaja na bahasha ya pesa za kazi mpya, akaziweka mbele ya mama: "Mama, nimeanza kukusanya za bangili zako."

Mama akaisukuma ile bahasha. "Kakate hiyo bima anayoisema mdogo wako kwanza," akamwambia. "Bangili ukininunulia leo, kesho utazijia tena."

Kaka Jumatatu anakwenda. Mie namfuata nyuma, nimeshika daftari badala ya ngazi. Harusi nayo inshallah baada ya mfungo, na safari hii nitakupeni habari za biriani bila ya kukosa. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na weye uliyejibanza hapo na koleo lako mfukoni, nimekuona!